Dhamana ya Mchapishaji

Kiswahili kina maneno mawili yaliyochipuka katika shina moja, na watu wengi huyachanganya: mchapaji na mchapishaji. La kwanza ni jina la fundi. Fundi huyu hupokea hati, huipanga, huitia wino katika karatasi, hushona kurasa na kubandika jalada, kisha hudai ujira wake na kazi yake ikaishia hapo. La pili ni jina la mtu mwingine kabisa, ijapokuwa pengine hukaa mtaa mmoja na wa kwanza. Mchapishaji aweza kuishi umri wake wote bila ya kumiliki mtambo hata mmoja wa chapa. Kazi yake ni kusababisha. Kile kiungo kidogo kigeuzacho kula kuwa kulisha, na kurudi kuwa kurudisha, ndicho kilichoingia katikati ya jina lake, nacho kimebeba tofauti yote iliyopo baina ya mtu anayelipwa ili kitabu kiwepo na mtu anayelipa ili kitabu kiwepo.

Kosa la kuyachanganya maneno haya lingekuwa dogo kama lingeishia katika kamusi. Bahati mbaya huishia katika maisha ya watu. Mwandishi atafutaye mchapishaji akaangukia kwa mchapaji hurudi nyumbani na maboksi ya vitabu, deni, na kimya. Mwandishi atafutaye mchapaji akaangukia kwa mchapishaji mwenye hila huweza kurudi bila ya deni, lakini pia bila ya haki ya neno lake mwenyewe. Kwa hiyo swali la nani akabidhiwe hati limevuka mipaka ya biashara. Ni swali la dhamana: nani anayestahili kuaminiwa kitu ambacho mtu amekitoa nafsini mwake, na kwa masharti gani?

Na uchukuliwe mfano wa mtu ambaye huenda yupo na huenda hayupo: mwalimu wa shule katika kata ya Kawajense, Manispaa ya Mpanda, mkoa wa Katavi. Kwa miaka kumi jioni zake amezitumia kukaa na wazee. Amesikiliza hadithi za Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, wenyeji wa nchi ile, na za Waha na Wasukuma waliohamia baadaye. Amekwenda Katumba, makazi yaliyofunguliwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, ambao wengi wao na watoto wao leo ni raia wa Tanzania. Yote ameyaandika kwa Kiswahili, kwanza katika madaftari, kisha katika kompyuta. Sasa hati imekamilika na mwalimu anauliza aipeleke wapi.

Mjini Mpanda yako maduka yenye mashine za kutoa nakala. Wachapishaji wakubwa wako Dar es Salaam. Kati ya miji hiyo miwili ipo safari ya zaidi ya kilometa 1,000, na sehemu yake ya kwanza ni tawi la reli litokalo Mpanda kwenda Kaliua, kisha Tabora. Tawi hilo lilijengwa ili kusafirisha madini ya risasi. Lilijengwa, yaani, ili kutoa kitu Mpanda. Mwalimu wa Kawajense anapoipeleka hati yake mashariki ana haki ya kuuliza kama nayo itakwenda kama yale madini, isionekane tena, ama itarudi ikiwa kitabu mikononi mwa wajukuu wa wazee waliomsimulia.

Milango iliyo mbele yake ni minne. Upo mlango wa mchapishaji anayegharimia kitabu kwa fedha yake. Upo mlango wa yule anayemtaka mwandishi alipe. Upo mlango wa kujichapishia. Na upo mlango wa tuzo, ambao humfikisha mshindi kwa mchapishaji bila ya yeye kubisha hodi. Hapana hata mmoja kati ya milango hii ambao ni wa aibu kwa asili yake, wala hapana hata mmoja ulio salama kwa asili yake.

Historia ya Kiswahili inaye mtu mmoja aliyebisha hodi karibu katika milango yote. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa karani wa serikali, na mshahara wake haukuwa wa kumtosha mtu kuanzisha biashara ya vitabu. Pambo la Lugha lilitolewa Johannesburg, katika miaka ya 1940, na chapa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Kusadikika kilitolewa na Nelson, mchapishaji wa Uingereza, mwaka 1951. Angaliapo mtu ramani ataona ajabu yake: maneno yaliyoandikwa pwani ya Tanganyika yalilazimika kusafiri hadi kusini mwa bara, au kuvuka bahari mbili, ndipo yawarudie watu wa pwani ile ile. Kisha mwandishi huyo akajaribu njia nyingine. Mjini Tanga alianzisha uchapishaji wake mwenyewe kwa jina la Art and Literature, na humo vikatoka Masomo Yenye Adili na Insha na Mashairi mwaka 1959, na Almasi za Afrika mwaka 1960. Miaka miwili baadaye alifariki. Kufikirika kilitoka mwaka 1967 kwa Oxford University Press, Nairobi, miaka mitano baada ya mwandishi wake kuzikwa.

Wapo wasomao habari hii kama ushahidi wa uonevu wa wachapishaji, na wapo waisomao kama ushahidi wa faida yao. Pande zote mbili zina sehemu ya ukweli. Bila ya wachapishaji wa mbali, Kusadikika huenda kingebaki kurasa za mkono katika sanduku. Bila ya juhudi ya Tanga, vitabu vingine vingengoja idhini ya watu wasioijua Tanga. Na bila ya mchapishaji aliyeendelea kuwapo baada ya mwandishi kuondoka, Kufikirika kisingemfikia mwanafunzi yeyote. Hili la mwisho linahitaji kutazamwa vizuri. Mtu ajichapishiaye hukipa kitabu chake umri wa nguvu zake mwenyewe. Achokapo, kitabu huchoka. Afapo, mara nyingi kitabu hufa naye. Mchapishaji anayestahili jina lake ana ofisi, daftari na warithi wa kazi. Anampa mwandishi kitu ambacho mwandishi hawezi kujipa, nacho ni muda wa baada yake.

Lakini ofisi nazo hufa. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948 ili kuwasaidia waandishi wa Afrika ya Mashariki, ilimalizika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya iliyoilea, na upande wa Kenya ikazaliwa upya kwa jina la Kenya Literature Bureau. Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilifanya kazi kubwa katika miaka ya 1970, kisha ikadhoofika wakati uchumi ulipozorota na karatasi ikawa adimu. Kwa hiyo hekima haikubali kwamba jina kubwa peke yake ni dhamana. Mkataba mzuri huuliza mapema: kitabu kikiisha dukani na mchapishaji asikitoe tena, haki itamrudia mwandishi baada ya muda gani? Mchapishaji akifunga mlango, nani atashika funguo?

Kuna jambo jingine ambalo mchapishaji wa kweli hulibeba, nalo halipimwi kwa shilingi. Mwaka 1971 East African Literature Bureau ilitoa Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa umri wa miaka 27. Kitabu kilizua mabishano, kikazuiwa shuleni. Miaka mingi baadaye kikaingia katika orodha ya vitabu vinavyosomwa na wanafunzi wa sekondari. Katika mabishano ya namna ile mwandishi hakusimama peke yake. Palikuwa na jina la pili katika jalada, jina la waliosoma hati kabla ya watu wote na wakasema kwamba inafaa kusomwa. Hiyo ndiyo maana ya ndani ya uchapishaji. Kumchapisha mtu ni kumdhamini mbele ya wasiomjua.

Kutoka hapa yatoka jibu la lalamiko la kale la waandishi, kwamba wachapishaji hukataa. Ni kweli hukataa, na pengine hukataa vibaya. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa na madaraka ya kuthibitisha vitabu vya Kiswahili vya shule, na kipimo chake kilikuwa Kiswahili sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja. Kipimo hicho kiliupa uandishi umoja, lakini kiliwafanya watu wa lahaja nyingine wajione wageni katika lugha waliyozaliwa nayo. Mlinzi wa mlango aweza kukosea kwa upofu, kwa upendeleo, au kwa kujali soko kupita neno. Hata hivyo, mlango usio na mlinzi haumdhamini mtu yeyote. Ndiyo ya mtu asiyeweza kusema hapana haina uzito. Mchapishaji aliyeisoma hati ya mwalimu wa Kawajense akairudisha na maelezo kwamba sura ya tatu inarudia ya kwanza, na kwamba masimulizi ya Katumba yametajwa bila ya kupewa nafasi yake, amemfanyia wema kuliko yule aliyeipokea siku ile ile kwa tabasamu na karatasi ya bei.

Huyu wa pili ndiye wa kuangaliwa kwa makini. Hujiita mchapishaji, lakini chumo lake halitoki kwa msomaji. Hutoka kwa mwandishi. Akisha kulipwa na mwandishi, faida yake imetimia. Vitabu vikiuzwa au visiuzwe, vikisomwa au viliwe na mchwa, yeye hana hasara. Njia ya kumjua ni nyepesi. Aulizwe swali moja tu: kitabu hiki kisipopata msomaji hata mmoja, nani atakayepoteza? Ikiwa jibu ni mwandishi peke yake, basi aliyeulizwa ni mchapaji, hata kama ofisi yake ina zulia na mlango wa kioo. Kazi ya mchapaji ni halali na ya heshima. Ubaya huanza pale anapouza kazi ya fundi kwa bei na jina la mdhamini.

Wengine husema ni afadhali mwandishi ajichapishie, kwa sababu mchapishaji humwachia kidogo mno. Dai hili lapaswa kupimwa kwa hesabu, maana hesabu haina uchungu wala kujipendekeza. Na ikadiriwe kwamba nakala 1,000 za kitabu cha mwalimu zinagharimu shilingi 5,000 kila moja kuchapwa, na kwamba bei dukani ni shilingi 10,000. Ikadiriwe pia kwamba mwenye duka huchukua 3,500 katika kila nakala. Mwandishi aliyejichapishia ametoa shilingi 5,000,000 kabla ya kuuza chochote. Akiuza nakala 500, amepata 3,250,000. Hasara yake ni 1,750,000, na nusu ya vitabu imo uvunguni mwa kitanda. Akiuza zote 1,000, faida yake ni 1,500,000. Mwandishi aliyechapishwa kwa mrabaha wa sehemu ya kumi ya bei, kiwango kijulikanacho sana katika biashara hii, hupata 500,000 kwa nakala 500, na 1,000,000 kwa nakala 1,000, naye hakutoa hata senti. Tofauti ya faida ni shilingi 500,000. Tofauti ya hatari ni shilingi milioni tano. Na katika hesabu hii mhariri, mchoraji wa jalada, msafirishaji na mtembezaji wa vitabu hawajalipwa chochote, kwa kuwa kazi zao zote zimemwangukia mwalimu.

Hesabu hii haisemi kwamba kujichapishia ni upumbavu. Yasema kwamba ni kazi ya pili, nayo yataka mtu wa pili, au mtu mmoja mwenye nguvu za wawili. Ben Mtobwa, mwandishi wa riwaya za upelelezi aliyefariki mwaka 2008, alianzisha Heko Publishers, na vitabu vyake vikapendwa na watu wa mjini. Aliweza kwa sababu alikubali kuwa mchapishaji hasa, mwenye kushughulika na soko na wasomaji. Anayejichapishia kwa uaminifu hutafuta mhariri asiye rafiki yake, huomba namba ya kitabu kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, huweka nakala maktaba, na hujua kila boksi liko wapi. Anayejichapishia kwa kukimbia hukumu ya wasomaji wa hati hana alichokwepa. Hukumu ile ile humngoja mbele, ikitolewa na watu wengi zaidi na wasio na huruma.

Hapa yafaa kuitilia shaka methali inayopendwa, isemayo kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Huenda ni kweli kwa embe sokoni, kwa kuwa harufu yake humtangulia. Kitabu hakina harufu. Kitabu kizuri kilichofungwa katika boksi hakina tofauti na kibaya kilichofungwa karibu yake. Lazima kitembezwe, na mtembezaji lazima ajulikane kabla ya mkataba. Katika nchi ambayo shule ndiyo mnunuzi mkubwa wa vitabu, na ambayo katika muongo wa 2010 serikali ilirudisha kazi ya vitabu vya kiada kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, mchapishaji binafsi wa hadithi hana budi kutafuta wasomaji mmoja mmoja. Mwandishi amwulize: vitabu vyako vya mwaka jana vimefika miji gani? Mpanda umo?

Mlango wa tuzo umepunguza ugumu huu kwa wachache. Tuzo ya Kiswahili ya fasihi ya Afrika, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa majina ya Mabati na Cornell, imewafungulia waandishi njia ya kuchapishwa na Mkuki na Nyota, kampuni aliyoianzisha Walter Bgoya mwaka 1991. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2023, nayo imewapa waandishi wasio na majina nafasi ya kusomwa. Ni jambo jema, ila tuzo ni kama mvua ya masika: mwenye busara huilimia shamba, lakini hajengi nyumba yake juu ya tumaini la mawingu.

Ama mkataba, wengi huuogopa kwa sababu umeandikwa kwa lugha ya mahakama, nao huutia sahihi ili hofu ipite. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humpa mwandishi haki katika kazi yake maisha yake yote, na warithi wake miaka 50 baada ya kifo chake. Haki ya urefu huo haifai kutolewa kwa dakika tano. Mwandishi aweza kutoa haki ya kuchapa bila ya kutoa haki ya kutafsiri. Aweza kutoa haki ya karatasi akabakiza ya kielektroniki. Aweza kumpa mmoja Afrika ya Mashariki na mwingine nchi za nje. Mwaka 1972 kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitolewa na Bogle-L'Ouverture ya London pamoja na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam. Hivyo kilisomwa ugenini bila ya kuwa mgeni mahali kilipofikiriwa.

Kinyume cha mfano huo ni vitabu vilivyokaa ugenini kwa muda mrefu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alitoa Paradise mwaka 1994. Alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, riwaya ile ilikuwa bado haijasomeka katika lugha ya watu inaowasimulia. Mwaka 2022 ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, nayo ikachapishwa na Mkuki na Nyota. Sifa ya dunia haikutosha kukirudisha kitabu nyumbani. Alihitajiwa mtafsiri wa kufanya kazi na mchapishaji wa karibu wa kubeba gharama.

Limebaki jambo moja ambalo mwalimu wa Kawajense hawezi kulikwepa kwa hesabu wala kwa sheria. Hadithi alizoziandika si zake peke yake. Wazee walimpa bila ya mkataba, kwa kuamini kwamba asikiaye huhifadhi. Kabla ya kuuliza kama mchapishaji ni mwaminifu kwake, hana budi kuuliza kama yeye ni mwaminifu kwa wazee. Akitoa haki zote kwa mtu ambaye bei yake haifikiwi na mtu wa Kawajense, amewauza wenyeji wake kwa ugenini. Akizichapa ovyo, zikajaa makosa ya majina ya watu na mahali, amewafisha mara ya pili. Akizifungia kabatini kwa kuogopa kudhulumiwa, amefanya dhuluma ile ile aliyoiogopa. Kumbe mchapishaji na mwandishi wanafanana kuliko wanavyodhani: kila mmoja amepokea amana ya mwingine, na kila mmoja atajibu.

Kwa hiyo mwalimu na apeleke hati kwanza kwa mtu awezaye kuikataa, na asikilize sababu. Akikataliwa kwa hoja, atengeneze. Akikataliwa bila ya hoja, ajaribu kwingine. Akiamua kujichapishia, na abebe kazi yote ya mchapishaji na si ile ya wino peke yake. Katika kila mlango na aweke sharti moja ambalo halimo katika vitabu vya sheria: kwamba sehemu ya nakala itarudi Kawajense kwa bei ya Kawajense, na nyingine zitawekwa katika shule anakofundisha. Siku kitabu kitakapofunguliwa mbele ya mzee aliyesimulia, au mbele ya mjukuu wake ikiwa mzee hayupo, ndipo itakapojulikana kama mdhamini alichaguliwa vizuri.